Namna ya Kufuatilia Kazi ya Mbunge wa Zamani Ndani ya Hansard: Mfano wa Barbara Castle na Kenya ya Miaka ya 1950

Wengi wanaotaka kuandika habari za mwanasiasa wa zamani huanza na kitabu alichokiandika mwenyewe uzeeni, au na orodha ya wizara alizowahi kuongoza. Njia zote mbili hukupa mtu aliyekwisha kupangwa na kupambwa. Njia ninayoieleza hapa ni ya polepole, lakini hukuonyesha mtu akiwa kazini: unashika jambo moja ambalo mbunge huyo alilishughulikia kwa miaka kadhaa, kisha unalifuata swali kwa swali na jibu kwa jibu katika Taarifa Rasmi za Bunge, yaani Hansard, hadi mwisho wake.

Mfano wangu ni Barbara Castle wa chama cha Labour cha Uingereza, aliyekuwa mbunge katika Bunge la Makabwela kuanzia 1945 hadi 1979. Nimemchagua kwa makusudi. Katika miaka ya 1950 alitumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuuliza habari za watu waliokuwa wakipigwa, wakifungwa bila mashtaka na kufa katika koloni la Kenya, na wajukuu wa watu hao ni miongoni mwetu tunaosoma Kiswahili leo. Maswali hayo yamehifadhiwa, yanasomeka bila malipo, na ni wachache mno kati yetu ambao wamewahi kuyafungua.

Anza na ratiba ya vyeo vyake

Kabla hujafungua Hansard, andika kwenye ukurasa mmoja miaka na nafasi alizoshika mbunge wako, kwa sababu nafasi ndiyo iliyoamua aliruhusiwa kusema nini. Mbunge wa kawaida huuliza, waziri hujibu, na kati yao yupo msaidizi wa waziri bungeni, ambaye hana mshahara wa uwaziri lakini hutarajiwa kuinyamazia wizara ya bosi wake. Castle alipoingia bungeni mwaka 1945 aliteuliwa kuwa msaidizi wa waziri Stafford Cripps katika Bodi ya Biashara, iliyokuwa wizara ya biashara, na baadaye wa Harold Wilson alipochukua wizara hiyohiyo. Mtafiti asiyejua jambo hili anaweza kuona maswali machache ya biashara katika miaka hiyo na kuhitimisha kwamba alikuwa mvivu, kumbe kanuni za kazi ndizo zilizomfunga mdomo.

Mwaka 1951 Labour iling'olewa madarakani, ikakaa upinzani kwa miaka 13. Huo ndio muda wa kuuchunguza zaidi, kwa kuwa mbunge wa upinzani asiye na wizara ya kuilinda huchagua mwenyewe vita vyake. Kuanzia Oktoba 1964 Castle ni waziri, na sauti yake ndani ya Hansard inabadilika kabisa.

Andika pia majina yote ya mtu na ya jimbo. Castle alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1910 kwa jina la Barbara Betts, akaolewa mwaka 1944, kwa hiyo bungeni anaonekana kwa jina la ndoa tangu siku ya kwanza. Si wote walio rahisi namna hiyo: Jennie Lee, mwenzake wa chama hichohicho, aliolewa na Aneurin Bevan lakini akabaki na jina lake, na mtu anayemtafuta kwa jina la mumewe hatamwona. Kuhusu jimbo, Blackburn lilikuwa na wabunge wawili mpaka mwaka 1950, likagawanywa, Castle akachukua Blackburn Mashariki, kisha mwaka 1955 likaunganishwa tena likiwa na kiti kimoja. Mwaka huo alishinda kwa tofauti ya kura 489 tu. Itunze takwimu hiyo akilini. Mbunge ambaye kiti chake kilishikiliwa na kura 489, katika mji wa viwanda vya nguo vilivyokuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine, alikuwa na kila sababu ya kuzungumzia pamba peke yake na kuiacha Kenya. Wapiga kura wa Blackburn hawakuwa na ndugu Nyeri wala Murang'a.

Jifunze mpangilio wa Hansard kabla ya kutafuta

Hansard hunukuliwa kwa juzuu na safu, si kwa ukurasa. Kila ukurasa una safu mbili na kila safu ina namba yake, hivyo marejeo ya mjadala wa Julai 1959 kuhusu vifo vya kambi ya Hola nchini Kenya yanasomeka kuwa juzuu ya 610, kuanzia safu ya 181. Majibu ya maandishi yako sehemu yake na yana hesabu yake ya safu. Ukichanganya hesabu hizo mbili, msomaji wako atafungua mahali pengine kabisa. Bunge la Uingereza limeweka mtandaoni Hansard za tangu mwaka 1803, na kila mbunge ana ukurasa unaoorodhesha mwaka kwa mwaka mahali pote alipozungumza. Anza na ukurasa huo, usianze na kisanduku cha kutafutia. Orodha itakuonyesha pia mambo ambayo hukujua kwamba unapaswa kuyatafuta, kama vile muswada wake binafsi uliopanua ulinzi wa kisheria kwa makahaba na kuwa sheria mwaka 1951, au vita vyake vya miaka mingi dhidi ya vizuizi vya kuzunguka milangoni mwa vyoo vya umma vya wanawake, vilivyowatesa wajawazito na wenye watoto na vikapigwa marufuku kwa sheria mwaka 1963.

Kuna mtego mmoja wa tarehe ambao ulinipotezea siku nzima, na ninautaja ili usikupate. Hotuba maarufu kuliko zote kuhusu Hola ilitolewa baada ya saa saba usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai 1959. Niliitafuta chini ya tarehe 28, nikapata mjadala mwingine kabisa, wa ripoti ya Devlin kuhusu Nyasaland (Malawi ya leo). Hansard hufuata kikao, haifuati kalenda: kikao kilichofunguliwa tarehe 27 hubaki kuwa cha tarehe 27 hata kikivuka usiku wa manane. Unapokosa hotuba ambayo una hakika ilitolewa, rudi siku moja nyuma.

Mtego wa pili ni tahajia. Majina ya Kiafrika yaliandikwa na watu walioyasikia kwa mara ya kwanza wakiwa London, na baadaye kurasa zikasomwa na mashine ambayo nayo hukosea herufi. Jaribu jina kwa namna tatu au nne, na tafuta kwa jina la kambi vilevile: Manyani, Mwea, Kamiti, Hola.

Soma swali pamoja na jibu, kisha soma lililoachwa

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Swali la mdomo lilitolewa taarifa siku kadhaa mapema, na jibu la kwanza la waziri liliandikwa na maofisa wake. Swali la nyongeza halikuandikiwa jibu, na hapo ndipo waziri anasimama peke yake. Kwa hiyo usiishie kunakili swali la msingi na jibu lake. Chora jedwali la sehemu nne: tarehe, kilichoulizwa, kilichojibiwa, na kile ambacho waziri hakukigusa. Sehemu ya nne ndiyo yenye thamani kuliko zote. Ukiijaza kwa uaminifu kwa muda wa miezi sita ya Hansard, utaanza kuona jambo ambalo halikutajwa linavyorudi katika swali linalofuata, safari hii likiwa limeelekezwa kwa ukali zaidi.

Chukua kesi ya Kamau Kichina, mfanyakazi aliyefia mikononi mwa polisi nchini Kenya mwaka 1954 baada ya kuteswa kwa siku kadhaa akituhumiwa wizi. Maofisa wa Kizungu waliohusika walihukumiwa kwa kosa la kujeruhi, hawakuhukumiwa kwa kuua. Castle alilishika jambo hili, na mwishoni mwa mwaka 1955 akasafiri mwenyewe hadi Kenya kulichunguza, gharama zikilipwa na gazeti la Daily Mirror. Ukisoma maswali yake kabla ya safari na baada yake, tofauti inaonekana bila miwani. Kabla ya safari anauliza kama taarifa fulani ni za kweli. Baada ya safari anajua nani alikuwa wapi, na waziri hawezi tena kumwambia asubiri maelezo ya Gavana. Ukimchunguza mbunge yeyote, tafuta safari zake, kisha linganisha maswali ya pande hizo mbili.

Waziri wa Makoloni tangu 1954 hadi 1959 alikuwa Alan Lennox-Boyd wa chama cha Wahafidhina. Mchunguze yeye pia. Haiwezekani kumwelewa muulizaji bila kuzijua njia za mjibuji, na Lennox-Boyd alikuwa nazo kadhaa ambazo utazitambua upesi: suala liko mahakamani, suala liko mikononi mwa Gavana, mbunge mheshimiwa anawavunjia heshima watumishi waaminifu wanaofanya kazi katika mazingira magumu. Mwaka 1956 Eileen Fletcher, Mkwekeri aliyefanya kazi ya urekebishaji wa wafungwa nchini Kenya, alirudi Uingereza na kueleza kwamba amewaona gerezani Kamiti wasichana wa chini ya miaka 14. Castle na wenzake walipolifikisha bungeni, mabishano yaligeukia umri wa wasichana hao. Wewe unayejaza jedwali andika katika sehemu ya nne kwamba swali la kwa nini watoto wako gerezani limepotelea ndani ya hesabu ya miaka yao.

Usimtenge mbunge wako na wenzake. Fenner Brockway na Leslie Hale walikuwa wamefika Kenya mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, na majina yao yanaonekana mara kwa mara karibu na la Castle. Swali la mmoja huokotwa na mwingine baada ya wiki mbili. Ukimsoma mmoja peke yake utampa sifa zisizo zake zote, na hilo ni kosa la kawaida katika maandishi yanayowahusu watu mashuhuri.

Hola: jinsi ya kuusoma mjadala mzima

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola kando ya Mto Tana, wafungwa wa kizuizini waliokataa kufanya kazi walitolewa nje na kupigwa na askari. Watu 11 walikufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya Kenya ilisema vifo vilitokea baada ya watu kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Isome taarifa hiyo neno kwa neno utakapoipata, maana haisemi wazi kwamba maji yaliwaua. Inaweka kunywa na kufa katika sentensi moja, na kumwachia msomaji ayaunganishe mwenyewe. Uchunguzi wa hakimu Goudie baadaye ulithibitisha kwamba watu hao walikufa kutokana na kipigo. Serikali ya Uingereza ikalazimika kuchapisha nyaraka za tukio hilo katika waraka wa bunge wenye namba 778 wa mwaka 1959. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo.

Kusoma sehemu hii vizuri, fuata mpangilio wa matukio wala usirukie kilele. Anza na maswali ya wiki za mwanzo, wakati wabunge wanauliza habari za maji. Nenda kwenye matokeo ya uchunguzi. Soma waraka wa namba 778 kabla ya mijadala yenyewe, kwa sababu wabunge wote waliosimama walikuwa nao mkononi na wananukuu aya zake bila kuzieleza. Asiyeusoma anasikia upande mmoja wa mazungumzo. Ndipo ufungue mjadala wa tarehe 16 Juni katika juzuu ya 607, ambapo upinzani uliweka hoja na kushindwa kwa kuwa wingi wa viti ulikuwa wa Wahafidhina. Hatimaye soma mjadala wa tarehe 27 Julai, ulioendelea hadi usiku wa manane ukiwa umepita.

Usiku huo Castle alizungumza kwa kirefu, akiuliza uwajibikaji unaishia ngazi gani: kwa mkuu wa kambi, kwa waliotunga mpango wa kuwalazimisha wafungwa kufanya kazi, kwa mawaziri wa Nairobi, au kwa Lennox-Boyd mwenyewe. Lakini hotuba inayokumbukwa zaidi ni ya Enoch Powell, Mhafidhina, aliyekiambia chama chake mwenyewe kwamba Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki nyumbani na kingine Afrika. Wako wanaoichomoa hotuba hiyo na kuiacha Hansard iliyobaki, kana kwamba dhamiri ya Bunge iliamka ghafla usiku ule. Aliyejaza jedwali tangu mwaka 1954 anajua kwamba Powell alisimama juu ya msingi uliojengwa kwa miaka mitano na wabunge waliokuwa wakiambiwa kila mara kwamba wanatia chumvi. Nasema hivi bila kupunguza uzito wa alichokisema. Wajenzi wa msingi huo nao wana majina, na majina hayo yanasomeka safu kwa safu.

Jihadhari na jambo moja unaponukuu. Mbunge akizungumza ndani ya Bunge hawezi kushtakiwa kwa kashfa, hivyo humtaja mtu kwa ukali ambao nje asingethubutu. Ulinzi huo ulimsaidia Castle kutaja yaliyokuwa yakifichwa, lakini haufanyi kila lililosemwa bungeni kuwa kweli. Tuhuma iliyomo Hansard ni ushahidi kwamba tuhuma ilitolewa. Ukweli wake utautafuta kwingine.

Mahali pa kuthibitisha

Mahali pa kwanza ni Kumbukumbu za Taifa za Uingereza zilizopo Kew, London. Majalada ya Wizara ya Makoloni kuhusu Afrika Mashariki yako katika mfululizo wa CO 822, na humo utayakuta maandishi ya maofisa waliomtayarishia waziri majibu yake. Weka jibu la bungeni kando ya waraka wa ndani wa wiki ileile, na sehemu ya nne ya jedwali lako itaanza kujazika. Mfululizo wa pili ni FCO 141, wa majalada yaliyoondolewa makoloni wakati wa uhuru na kufichwa kwa miongo mingi katika Hanslope Park, kituo cha serikali nchini Uingereza, hadi kesi ya wazee wa Mau Mau jijini London ilipoilazimisha serikali mwaka 2011 kukiri kwamba yapo. Nairobi, Kumbukumbu za Taifa za Kenya kwenye barabara ya Moi zina majalada ya tawala za mikoa na wilaya, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki pengine hapo ndipo pa kuanzia. Karatasi binafsi za Castle ziko katika maktaba ya Bodleian, Oxford.

Kitabu cha maisha yake alichokichapisha mwaka 1993 kisome mwisho. Ukikisoma kwanza, utaiona Hansard yote kwa macho yake. Ukikisoma baada ya jedwali lako kukamilika, utajua anakumbuka nini sawasawa na anaruka nini.

Miaka ya uwaziri

Sehemu hii unaweza kuipitia kwa haraka zaidi, kwa kuwa imeandikwa sana. Castle aliongoza Wizara ya Maendeleo ya Ng'ambo iliyoundwa mwaka 1964, akahamia Uchukuzi Desemba 1965 ingawa hakujua kuendesha gari, na chini yake kikomo cha maili 70 kwa saa kikawa cha kudumu na mwaka 1967 madereva wakaanza kupimwa ulevi kwa pumzi. Akiwa Waziri wa Ajira alikutana na mafundi cherehani wa kike wa kiwanda cha Ford, Dagenham, waliogoma mwaka 1968, na mwaka 1970 akapitisha sheria ya malipo sawa kwa wanawake na wanaume. Mwaka 1969 mpango wake wa kudhibiti migomo ulikwama, ukipingwa na vyama vya wafanyakazi na wabunge wa chama chake mwenyewe. Waziri Mkuu James Callaghan alimwondoa serikalini mwaka 1976.

Linalostahili kuchunguzwa hapa ni dogo na huwa linasahauliwa. Geuza jedwali lako. Sasa Castle ndiye mjibuji, na wewe ujaze sehemu ya nne juu yake kama ulivyomjazia Lennox-Boyd, bila upendeleo. Pale anapokwepa, andika kwamba amekwepa.

Usisimamishe utafutaji siku aliyoondoka

Castle aliacha kiti cha Blackburn mwaka 1979, akaenda Bunge la Ulaya, akaingia Baraza la Malodi (House of Lords) mwaka 1990, na akafariki tarehe 3 Mei 2002. Watafiti wengi hufunga jalada hapo. Lakini ulikuwa unafuata jambo, na jambo halikufa na mbunge. Rudi kwenye tovuti ya Bunge ya Hansard, andika Mau Mau, na uweke tarehe 6 Juni 2013. Utamkuta Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, Mhafidhina kama Lennox-Boyd, akisimama katika Bunge lilelile kukiri kwamba Wakenya waliteswa chini ya utawala wa kikoloni, kueleza masikitiko ya serikali yake, na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Nakili tarehe, juzuu na safu, na uziweke kwenye mstari wa mwisho wa jedwali lako, chini ya swali la kwanza la Castle.